Ukutani tumeandika TUPENDANE, kwenye uji wanapigana

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Nina miaka 29 na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Nina darasa la nne lenye watoto 94, na tangu Januari nimepewa pia kazi ya mwalimu wa malezi wa shule nzima. Mwalimu mkuu alisema mbele ya wenzangu kwamba anataka tabia za watoto ziwe zimebadilika kabla ya kufunga shule mwezi wa sita. Nilipokea kazi hiyo kwa moyo mmoja. Sasa ni wiki ya nane na naona nimeshindwa.

Watoto wangu si wabaya, ila kukaa pamoja hawajui. Penseli ikianguka chini, mwenyewe haioni tena. Anayevaa ndala anapewa majina, anayepata hesabu anaitwa kimbelembele, anayekosa anachekwa mpaka analia. Maganda ya machungwa yanatupwa popote. Kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili ninakifundisha mwenyewe; maswali yote ya kuheshimiana na kushirikiana wanayajibu vizuri, mikono juu, kisha kengele inagonga wanatoka nje wanapigana. Kubaya zaidi ni kwenye uji wa saa nne. Unachangiwa na wazazi, na foleni yake haiishi bila ngumi. Wiki mbili zilizopita mtoto wa darasa la pili alimwagikiwa uji wa moto mkononi kwa sababu ya kusukumana. Nilikaa naye bombani namwagia maji mkono ule mpaka akanyamaza.

Nimejaribu mengi. Nimeandika ukutani mwa jiko, kwa rangi ya buluu, maneno makubwa: TUPENDANE, TUSAIDIANE, TUWAHI. Kila Jumatatu mstarini ninazungumza dakika kumi juu ya neno moja. Nilianzisha zawadi: kila Ijumaa watoto watano wenye tabia njema wanapata daftari na kalamu, kwa pesa yangu. Wiki mbili za kwanza darasa lilitulia. Baadaye zawadi zikawa zinakwenda kwa walewale watano, wengine wakaacha kujaribu, na Ijumaa moja daftari la mshindi likakutwa limetumbukizwa chooni. Halafu kuna kiranja wangu, binti mpole sana. Ninapotoka darasani ndiye anayeandika majina ya wapiga kelele. Juzi nimegundua anapewa ubuyu ili afute majina, na wasio na ubuyu wanabaki kwenye karatasi. Nilipomuuliza alilia, akasema asipofuta wanamsubiri njiani.

Mtoto mmoja ananisumbua moyo kuliko wote, nitamwita Juma. Anachelewa karibu kila siku. Ni mmoja wa watoto ambao wazazi wao hawajachangia uji, darasani kwangu wako 31, na wakati wa uji hao hukaa chini ya mwembe mpaka wenzao wamalize. Mara kadhaa amejipenyeza kwenye foleni na wenzake wakamtoa kwa mateke. Wiki iliyopita alichukua jiwe akakwangua neno TUPENDANE mpaka herufi tatu zikatoka. Mwalimu wa nidhamu alimchapa mbele ya mstari. Juma hakulia. Muda wote alinitazama mimi.

Wenzangu wanasema watoto wa siku hizi bila fimbo hawaendi, na kwamba mimi ninawadekeza. Wazazi nikiwaita hawaji, na wakija wanakuja kugomba. Bibi, nianzie wapi?

Mwalimu wa Darasa la Nne, Muheza

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya lolote nikwambie kwamba mwalimu anayekaa bombani na mtoto wa darasa lisilo lake mpaka maumivu yapoe hajashindwa.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa nchi hii aingie shule ifikapo 1977, walimu hawakutosha, tukachukuliwa sisi tuliotoka tu darasa la saba, tukajifunza ualimu huku tunafundisha. Nilikabidhiwa chaki nikiwa na miaka 17 na nikastaafu 2020. Kwa hiyo darasa lililofurika ninalijua, na hali ya kupewa kazi kubwa bila kuelekezwa inavyofanywa ninaijua pia.

Katika barua yako kuna mahali umepita haraka, kama mtu anayetaja jambo la kawaida. Umesema watoto 31 hukaa chini ya mwembe mpaka wenzao wamalize uji. Hapo ndipo nilipokwama mimi, na hapo ndipo nataka uanzie. Maneno yako ya buluu uliyaandika ukutani mwa jiko. Mtoto aliyekaa chini ya mwembe na njaa ya saa nne, pengine hata nyumbani hakunywa chai, ana dakika thelathini za kuutazama ukuta huo kila siku ya shule. Anamwona jirani yake wa dawati akipuliza kikombe. Anasoma TUPENDANE. Juma anajua kusoma, mwanangu, na ndiyo sababu alichukua jiwe. Alikutazama wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyeandika.

Usilichukue hili kama lawama. Mpango wa uji hukuupanga wewe, na wala shule yenu haiko peke yake. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki jukumu la mzazi, na shule nyingi zikajikuta zinapika kwa waliotoa tu. Mpishi hana pa kuutoa uji ambao hakuletewa unga wake. Naelewa. Lakini ugomvi wa foleni yenu umeota hapo. Waliochangia wanaogopa kuibiwa haki yao, wasiochangia wana njaa, na ninyi walimu mmewaachia watoto wa miaka kumi kazi ya kulinda mpaka kati yao. Ukiwahutubia juu ya upendo mwaka mzima, mpaka ule utabaki palepale.

Nasi tulikuwa na mwembe wetu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006, watoto walipomiminika shuleni baada ya ada kufutwa. Aliyetuamsha alikuwa mpishi. Asubuhi moja alikuja ofisini, upawa bado mkononi, akamwambia mwalimu mkuu, "Mimi siwezi tena kupika uji wa kutazamwa." Akaketi mlangoni. Siku ile uji ulichelewa hadi saa tano, na wiki ileile kamati ya shule ilikaa.

Kilichoamuliwa ni hiki. Mchango ukawa wa namna tatu: pesa, au mahindi, au kazi. Mzazi asiye na shilingi wala debe analeta mzigo wa kuni kwa wiki, au anafika siku moja kuchota maji na kuosha masufuria. Kazi iliandikwa kwenye daftari lilelile la michango, mstari mmoja na waliotoa pesa, ili asitokee wa kusema fulani anakula bure. Walibaki wachache kabisa wasioweza hata hilo, mabibi wagonjwa wanaolea wajukuu, na hao kamati iliwasamehe bila majina kusomwa popote. Sehemu yao ikatoka kwenye shamba la shule. Kwa wiki tatu hivi uji ulikuwa mwepesi kuliko watoto walivyouzoea, na wazazi wawili walikuja kulalamika. Walikuwa na haki ya kuuliza. Mwenyekiti wa kamati aliwafungulia daftari wakaona wenyewe nani ameleta nini.

Wewe huna mamlaka ya kuamua hili, lakini unaweza kulifikisha. Usiende kwa mwalimu mkuu na hotuba. Nenda na karatasi yenye hesabu: watoto 31 wa darasa langu, kati yao wangapi wanalelewa na bibi, wangapi wazazi wao ni vibarua wa mashambani, wangapi hawakuwahi kuulizwa kama wanaweza kuleta kuni. Mwombe alipeleke kwenye kamati ya shule. Kama mna ule Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWaWa, tafuta mjumbe wa darasa lako mzungumze naye kwanza, kwa kuwa mzazi husikilizwa na mzazi mwenzake. Na mtaje yule mtoto aliyeungua. Kamati inayosita juu ya unga haitasita juu ya mkono wa mtoto.

Wakati hilo linasubiri kikao, foleni yenyewe unaweza kuitengeneza kuanzia kesho. Mtoto husukuma kwa sababu anaamini uji utakwisha kabla hajafika. Sisi tulifanya mambo mawili. Tulimpa mpishi kikombe kimoja cha kupimia badala ya upawa, ili wa kwanza na wa mwisho wapate sawa. Na safu iliyonywa mwisho leo ikawa ya kwanza kesho. Ilichukua siku kama kumi. Watoto walikuwa wanahesabu wenyewe kama kweli tunatimiza, na walipoona kwamba hata Ijumaa, mwalimu wa zamu akiwa amechoka, zamu haikuvurugwa, mabega yalilegea. Siku ya kumi na moja nilisimama pale na fimbo yangu ya zamani sina la kuifanyia.

Katika foleni hiyohiyo tia jambo moja la mikono: kunawa. Tengenezeni vibuyu chirizi, na namaanisha watoto watengeneze. Kwa kila kimoja unahitaji dumu la lita tano, msumari uliopashwa moto wa kutobolea tundu chini kidogo ya mdomo, kamba, kijiti cha kukanyagia, miti miwili yenye panda na mmoja wa kulaza juu, na kipande cha sabuni kilichotobolewa kikaning'inizwa. Tundu utatoboa wewe, mengine yote yako ndani ya uwezo wa darasa la nne. Mtoto akikanyaga kijiti dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haugusi kitu. Nimeona watoto waliokuwa wakipigana juu ya penseli wakikaa nusu saa wanabishana kwa amani kama kamba ni fupi au ndefu. Kitu walichokijenga wanakilinda. Na aliyenawa mikono polepole, kwa zamu, anafika kwa mpishi akiwa mtu mwingine kidogo.

Tabia hiyo moja inatosha kwa muhula mzima. Najua mwalimu mkuu anataka zote, na wewe umeandika tatu ukutani kwa mkupuo mmoja. Lakini kunawa na kungoja zamu, vikirudiwa kila siku ya shule kwa wiki kumi, ni mara hamsini. Hotuba ya Jumatatu kwa muda huo ni mara kumi, na nusu ya mstari inakuwa inawaza jua. Hizo dakika kumi za mstarini zirudishe darasani.

Zirudishe mlangoni hasa. Watoto wetu wana salamu nzuri kuliko za mataifa mengi, "shikamoo mwalimu" wanaisema wakiwa mbali bado, na sisi tunajibu "marahaba" kwa pamoja, macho kwenye andalio la somo. Jaribu kusimama mlangoni asubuhi na kumjibu mmoja mmoja kwa jina: "Marahaba, Asha." Watoto 94, sekunde tatu kila mmoja, ni chini ya dakika tano. Baada ya wiki utajua aliyelala na njaa kabla hajafungua daftari. Nao watajua kuwa wasipokuja kuna mtu atakayewakosa.

Ila 94 ni wengi mno kuwa jamii moja, na hapa nitakupa kitu nilichokipenda kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Unakumbuka balozi wa nyumba kumi? Niligawa darasa langu katika nyumba. Kwako zitatoka nyumba kumi, sita za watoto tisa na nne za watoto kumi. Changanya wewe mwenyewe: wavulana na wasichana, wanaojua na wanaohangaika, wenye viatu na wenye ndala, wanaotoka njia moja na wasiotoka. Kila nyumba ina balozi wa wiki, na ubalozi unazunguka mpaka kila mtoto aushike, hata mtundu, hata anayeona haya. Balozi hana ruhusa ya kuandika jina la mwenzake wala kumkemea. Kazi yake ni kujua kila asubuhi nani hayupo na kwa nini, na kukuambia. Penseli za nyumba zinakaa kwenye kopo moja, zimehesabiwa asubuhi, zinahesabiwa saa ya kutoka. Kufagia, kumwagilia miti, kujaza maji kwenye vibuyu, kuokota maganda, vyote vinafanywa na nyumba kwa zamu, na nyumba ikimaliza wote wanapumzika pamoja. Mwanzoni watakuja kushtakiana mpaka masikio yakuume. Wasikilize, warudishe wakakae, na usiwahamishe nyumba. Kwangu kishindo kilichukua karibu mwezi. Siku moja mtoto wa nyumba ya nne aliugua malaria, na kabla sijauliza, balozi wake, mtoto wa miaka kumi, alikuwa ameshapanga nani atapita kwao jioni kumwonyesha kazi ya hesabu.

Zawadi za Ijumaa ziache. Pesa yako inunue penseli za makopo. Zawadi ya watano inawaambia 89 kwamba hawana tabia njema, tena kila wiki. Lile daftari la chooni lilikuwa jibu lao.

Sasa fimbo, maana umeniuliza kwa kuzunguka. Wenzako wanaotembea nayo madarasani hawana ruhusa hiyo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, za tangu 1979 na marekebisho yake, zinamruhusu mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa kosa zito, visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye daftari lake. Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Sikupi haya ukawapige nayo wenzako ofisini. Mwalimu mgeni anayesoma kanuni kwa sauti hupata maadui wote kwa siku moja. Nakupa ili usijione mdekezaji.

Nami nina langu. Mwaka 1984 nilimchapa mtoto wa darasa la tatu kwa kuchelewa, siku nne mfululizo. Siku ya tano hakuja. Wiki iliyofuata nikasikia mama yake amelazwa, na yule mtoto ndiye aliyekuwa akiwapikia wadogo zake wawili kabla ya kuja shule. Alikuwa anakimbia njia nzima. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja. Shule hakurudi tena. Nimewafundisha watu waliokuja kuwa madaktari, lakini ninayemwota usiku ni huyo.

Kwa hiyo Juma nenda kwao. Nenda Jumamosi, usibebe daftari la mahudhurio, usiende na mwalimu mwingine. Ukikaribishwa mkekani kaa, ukipewa maji kunywa. Anza na jambo moja zuri unalolijua juu ya mtoto wao, na kama huna, tafuta kabla ya kwenda. Huenda ukakuta ana mdogo wa kumpeleka mahali, au maji ya kuchota mbali, au msimu wa machungwa anabeba vikapu alfajiri apate mia tano. Nisingependa kubahatisha. Ukishajua, mtafutie kazi itakayofanya nyumba yake ya darasani imhitaji. Usimpe kengele ya asubuhi, kama wengi watakavyokushauri. Mtoto anayechelewa ukimpa kazi ya alfajiri atashindwa mbele ya shule nzima. Mpe kazi ya saa nne, wakati ambao hakika yupo: awe msimamizi wa maji ya vibuyu. Hata kama siku hiyo bado hajapata uji, awe upande wa jiko, mikono imelowa, ana jambo la kufanya, asikae tena kule mwembeni.

Na neno lile ukutani usilipake rangi upya sasa. Liache na herufi zake tatu zilizokwanguliwa mpaka siku watoto wote 94 watakapokunywa uji kwa pamoja. Siku hiyo kachukue kopo la buluu, mpe Juma burashi.

Wazazi watakuja. Ukiwaita kwa ugomvi wanajua wanakuja kuaibishwa, ndiyo maana hawaji. Waite wachache kwa jambo wanaloliweza. Mama wawili waje kuonja uji na kumsaidia mpishi kupima. Mzee anayejua kusuka chelewa aje afundishe darasa kutengeneza mafagio yake. Na wewe andika sentensi moja ya wema kwenye daftari la mtoto, watoto watatu kila siku: "Leo Hamisi alimfungia mwenzake kamba ya kiatu." Watatu kwa siku ni 15 kwa wiki; kwa wiki sita na siku mbili utakuwa umewafikia wote. Wengi wa wazazi hao hawajawahi kupokea habari njema kutoka shuleni, tangu wao wenyewe wakiwa wanafunzi.

Wenzako usibishane nao. Mtafute mmoja tu, pengine wa darasa la tatu au la tano, anayeonekana amechoka kupiga, mkubaliane kusalimia mlangoni kwa wiki mbili. Wengine wataona foleni. Na mwalimu mkuu mwambie ukweli: mwezi wa sita atakuta foleni iliyonyooka na mikono iliyonawa. Mengine yatahitaji mwaka, na darasa hilo mwezi wa kumi au kumi na moja lina upimaji wa kitaifa. Mtoto asiyeogopa kuchekwa atainua mkono kuuliza asichokijua, na hilo mwalimu mkuu atalielewa haraka.

Nimemweka mwisho yule binti kiranja kwa sababu yeye hawezi kungoja kamati wala nyumba kumi. Ana miaka kumi na umemkabidhi karatasi inayomfanya aogope kurudi kwao. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, mwite pembeni. Mwambie kazi ya kuandika majina imekwisha, na kwamba iliyokosea ni kazi hiyo, si yeye. Kisha lichukue karatasi lenyewe kutoka mkononi mwake, ulichane mbele ya darasa zima, na jioni hiyo umsindikize mpaka pale wanapomsubiri.